Wekundu wa Mwaloni

Kiti kilikuja kwa ndege. Mama mmoja mfanyabiashara wa Dar es Salaam, aliyekuwa anakuja Guangzhou kununua nguo za jumla pale Shahe, alikubali kukibeba kama mzigo wake wa pili. Kilikuwa kimeviringishwa kwa kanga mbili kuukuu na kukazwa kwa kamba ya katani. Alipokitua mlangoni kwetu, mtaa wa Dengfeng, hakuwa na hamu hata ya salamu.

"Mwenzangu, watu wamenicheka uwanja mzima wa ndege," alisema. "Wananiuliza, unapeleka kiti China? Si bora upeleke karafuu Pemba?"

Kilikuwa kiti cha kulia chakula, cha mwaloni, kutoka hoteli ndogo ya milimani Lushoto. Mwenye hoteli, mama mtu mzima wa Kisambaa, alivikuta viti vya namna hiyo pale tangu enzi za wakwe zake, seti nzima ya kuzunguka meza ndefu. Stoo ikashika moto, vikabaki vinne. Alitaka vinane vingine, vya mwaloni wa zamani kama vile vyake, na rangi ile ile. Kiti kimoja alinitumia ili nikitazame.

"Rangi ile ile, mwanangu," alisema kwenye ujumbe wa sauti. "Wageni wangu wakikaa mezani, nisijue kiti kipi mwenyeji na kipi kimekuja juzi."

Nilimjibu kwa kujiamini. Kazi hiyo nilikuwa naijua. Baba yangu alikuwa fundi wa kupaka samani pale Tanga, na kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume mwenye subira, tambara la polishi alinikabidhi mimi. Mume wangu alipohamia Guangzhou kwa biashara ya kusafirisha mizigo, nami nikamfuata, watoto tukawaacha kwa mama yangu. Tukagundua kwamba nje ya mji kuna maghala yanayopokea samani kuukuu za Ulaya kupitia Hong Kong. Nikawa nachagua za mwaloni zilizochoka, nazivua rangi, nazipaka upya, naye anazipanga ndani ya makontena ya wateja wake. Karakana yangu ilikuwa ua uliofunikwa mabati, nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa Kichina pembezoni mwa Kangle, mahali ambapo kila chumba kina cherehani na kila kona ina marobota ya vitambaa. Tulimwita laoban, yaani bosi, kama ambavyo mji huu wote humwita kila mwenye mali.

Viti vinane nilivipata. Maumbo yalikaribiana vya kutosha. Nilivivua vanishi ya zamani, nikavipiga msasa, vikabaki vyeupe kama maandazi mabichi. Kilichobaki ni rangi.

Rangi ya kiti cha Lushoto ilikuwa ya tabaka mbili. Ya chini ilipatikana kwa njia ya kizamani: mbao hufungiwa ndani ya hema pamoja na bakuli la amonia, na moshi wake huamsha ukakasi ulio ndani ya mwaloni wenyewe, mbao ikageuka kahawia hadi ndani. Juu yake mtu fulani, miaka mingi nyuma, alipaka polishi yenye tone la wekundu, ile rangi tunayoiita damu ya mzee. Kivulini hukuuona. Ukikisogeza kiti kwenye mwanga, wekundu ulitokeza chini ya kahawia, kidogo tu, na huo kidogo ndio ulikifanya kiti kizuri. Ukiuzidisha, kiti kinakuwa kama kabati la bibi harusi. Ukiupunguza, kinakuwa kama maji ya mfereji.

Nilikuwa na kikohozi tangu majira ya baridi. Mume wangu alikuwa ameniambia mara nyingi, "Mama watoto, kifua hicho kaonyeshe," nami nikasema ni vumbi la msasa. Asubuhi niliyofungua hema la plastiki kukitoa kiti cha kwanza, nilivuta pumzi mapema mno. Amonia iliniingia kama kisu. Nilikohoa nimeinama, nimeshika tambara mdomoni, na nilipolitazama tambara niliona doa jekundu, nikawaza kwanza kwamba nimelichovya kwenye rangi. Kisha nikakumbuka kwamba rangi nyekundu nilikuwa sijaifungua.

Hospitali walisema kifua kikuu.

Aliyenitafsiria alikuwa binti wa Mbeya anayesoma udaktari huku kwa ufadhili, mlokole mpole ambaye Watanzania wengi tulimtegemea tukiumwa. Alikaa pembeni yangu amevaa barakoa, akageuza maneno ya daktari kuwa Kiswahili sentensi moja moja. Dawa ni za namna nne. Usiruke hata siku moja. Mkojo utabadilika rangi, usiogope. Ukichoka sana au ngozi ikiwa ya manjano, rudi. Macho yakikusumbua, rudi haraka.

"Umesikia, dada?" aliuliza.

"Nimesikia," nikasema. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasikia neno moja tu. Nyumbani nilikokulia, mtu mwenye kifua kikuu alitengewa kikombe chake na sahani yake, na hata baada ya kupona kikombe kile kilibaki rafuni peke yake. Mitaani Dengfeng nilikuwa nimesikia kila aina ya uvumi kuhusu wageni wagonjwa na vibali vyao, na sikujua upi wa kweli na upi wa kutisha watu. Nilimwomba mume wangu asimwambie yeyote. Wenzetu walipouliza kwa nini sionekani, akawaambia nimeteguka mgongo.

Nilikaa ndani mpaka hospitali waliporidhika kwamba siambukizi tena. Ni katika kukaa huko ndipo nilipoanza kuvitegemea viti vile kuliko inavyofaa kutegemea kitu. Nilikuwa nimelala chumbani, nasikia mikokoteni ya marobota ikipita chini dirishani, nasema moyoni: nikimaliza viti vya Lushoto nitakuwa mzima. Sikuwa na kingine cha kushika. Watoto walikuwa mbali, mume alikuwa anatoka asubuhi na kurudi amechoka, na mwili wangu ulikuwa umenisaliti. Mkono na jicho vilikuwa bado vyangu. Ndivyo nilivyodhani.

Moshi wa amonia haukuwezekana tena. Daktari alikataa katakata, na hata mimi nilikuwa nauogopa. Kuna njia nyingine ya kizamani, ndefu zaidi: unapaka mbao chai nzito, unaiacha ikauke, kisha unapitisha siki iliyolowekewa vyuma vya kutu. Mwaloni ukikutana na chuma unakuwa mweusi mweusi, unaelekea kijivu, wakati mwingine unatoa ukijani. Ndipo unarudisha uhai kwa unga wa rangi nyekundu ulioyeyushwa kwenye spiriti. Nilianza na vipande vya majaribio, na mwanzoni vilikubali. Nilivipanga kando ya kiti cha Lushoto, nikaona kimoja kimelingana kabisa. Nilifurahi, nikampigia mume wangu simu kazini kwake.

Ulikuwa msimu ule wa unyevu, kuta za Guangzhou zinapotoa jasho na nguo haikauki hata ukiisihi. Kila tabaka lilihitaji kusubiriwa. Nilipofika kwenye viti vyenyewe wiki nyingi zilikuwa zimepita. Nilipaka kiti cha kwanza, nikakiweka kando ya cha Lushoto, nikarudi nyuma, nikakodoa. Sawa. Nikapaka cha pili. Sawa.

Laoban alitokea juu ya ngazi na beseni la nguo, akasimama. Alikuwa mama wa maneno machache, asiyeingilia kazi yangu. Safari hii alishuka, akakigusa kiti changu kwa kidole, akasema neno moja kwa Kichina. Sikuamini kama nimesikia vizuri. Akaona sijaelewa, akaenda akachuma jani kwenye chungu chake cha maua, akaliweka juu ya kiti.

Kijani. Alikuwa ananiambia kiti changu ni cha kijani.

Nilicheka kwa adabu. Alipoondoka nilikibeba kiti hadi mlangoni kwenye mwanga, nikakitazama mpaka macho yakauma. Sikuona ukijani. Niliona kahawia, na kando yake kiti cha Lushoto, kahawia vilevile. Jioni mume wangu alipokuja kunichukua nilimuuliza bila kumpa dokezo, "Unavionaje?"

Yeye ni mtu wa mizigo. Anajua kontena linabeba nini na halibebi nini, lakini rangi hazijawahi kumshughulisha. Alitazama kidogo akasema, "Kwani bado hujamaliza? Hivi viwili vina ukungu ukungu, kama mkate ulioanza kuharibika."

Nilivivua upya. Kuvua rangi kwenye mwaloni si kuosha sahani; chuma kimeshaingia kwenye vinyweleo vya mbao, lazima ukifuate kwa msasa, na kila mara unapokifuata unakula mbao yenyewe. Kifua kilikuwa bado dhaifu. Nilisugua kidogo, nikakaa chini, nikasugua. Nilipopaka tena nilizidisha wekundu kidogo. Kwangu vilikuwa sawa na mwanzo, sawa na kiti cha Lushoto, sawa na kila kitu. Nikaongeza tena, kwa woga, kama mtu anayetia chumvi chakula asichoweza kukionja.

Mume wangu alipoingia alisimama mlangoni.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya Lushoto."

"Mama watoto, hivi vyekundu kama chetezo cha harusini! Unanitania?"

Nilimfokea. Nilimwambia yeye hajui kitu, jicho lake ni la kusoma namba za makontena, anitolee maneno yake. Nilisema taa ya ua ni mbovu. Siku iliyofuata nilibadilisha taa. Nilisema chai ni mbovu, nikanunua chai nyingine. Nikamwaga siki, nikaloweka vyuma vipya. Nilimshutumu muuza unga wa rangi kwamba amenibadilishia, nikaenda hadi dukani kwake na kopo mkononi, na yule bwana akalifungua, akachovya kidole, akanionyesha kidole chake kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa. Kidole kilikuwa na rangi. Rangi gani, sikuweza kusema. Nilitoka pale, na bado sikutaka kulitamka, hata kimoyomoyo.

Nilijua, lakini nililikwepa. Nilikuwa nimeanza kupuuza vitu vidogo. Nyanya sokoni nilikuwa nazibonyeza badala ya kuzitazama. Barabarani nilivuka watu walipovuka. Nilipomtazama mtu usoni, katikati palikuwa na kitu kama alama ya kidole kwenye kioo, nami nikasema ni uchovu wa dawa. Nikafikiri pia mambo ambayo mwanamke aliyesoma hapaswi kuyafikiri: kwamba kuna mtu amenifanyia kitu, kwamba nimenyang'anywa mikono ya baba kwa sababu nimeacha wanangu nikaja kufuata mwaloni ugenini. Nilisoma Ayatul Kursi juu ya viti. Nikavipaka, nikavivua, nikavipaka. Miguu ya kiti kimoja ilikuwa imeanza kuwa myembamba kwa msasa.

Siku moja ya mapumziko mama yangu alipiga simu ya video, watoto wakagombania kuonekana. Binti yangu mdogo alijisogeza mbele akazunguka, nguo ikapepea.

"Mama, umeiona? Bibi amenishonea!"

"Nimeiona mwanangu. Gauni la kahawia limekupendeza kweli."

Akaacha kuzunguka. Akajitazama, akanitazama.

"Mama, hili jekundu!"

Kaka zake wakacheka sana, wakawa wanaimba, "Mama hajui rangi! Mama hajui rangi!" Na mimi nikacheka nao, nikasema ni simu, simu imechafuka kioo. Nilipokata nilimkuta mume wangu amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai mkononi. Hakucheka.

"Gauni lilikuwa jekundu," alisema polepole. "Jekundu kama bendera ya watu hawa. Hukuliona?"

Ndipo nililia. Nililia kwa namna ambayo sikulia hata siku ya hospitali. Yeye aliweka kikombe sakafuni, akakaa kando yangu, mimi nimefunika uso, yeye ameshika ukingo wa kanga yangu kana kwamba nitaanguka.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Sijui. Imekuja kidogo kidogo. Nilidhani ni viti."

Alimpigia binti wa Mbeya saa ileile. Nilitaka kumzuia, nikasema asubiri mpaka siku yangu ya kuchukua dawa, akanikatalia kwa sauti ambayo hanitolei mara nyingi. Binti alisikiliza, kisha akaniomba nishike simu mwenyewe.

"Dada, hiyo kuona rangi vibaya, ni macho yote mawili?"

"Yote. La kushoto zaidi."

Sauti yake ikashuka.

"Usimeze dawa za kesho asubuhi kabla hatujaonana na daktari. Kesho nakufuata. Mungu anisamehe, nilipaswa kukuuliza kila tulipoonana. Mojawapo ya zile dawa nne, kwa watu wachache, huumiza mshipa wa jicho. Na kitu cha kwanza kupotea mara nyingi ni wekundu."

Pale hospitali walinionyesha kitabu chenye kurasa za madoa ya rangi. Ndani ya madoa, walisema, kuna namba. Daktari alifungua ukurasa, nikatazama. Akafungua mwingine. Mume wangu, aliyekuwa amekaa pembeni yangu, alizitaja namba kimoyomoyo. Nilimwona kwa pembe ya jicho midomo ikicheza. Mimi niliona madoa, kurasa baada ya kurasa, kama kokoto chini ya maji machafu. Daktari alifunga kitabu, akaandika, akafuta dawa moja hapo hapo.

"Muulize," nilimwambia binti wa Mbeya, "itarudi?"

Waliongea Kichina kwa muda uliotosha kuniambia jibu.

"Anasema tumeshtuka kabla mambo hayajaharibika kabisa. Kwa wengine hurudi yote. Kwa wengine nusu. Wapo ambao hairudi. Inachukua miezi. Hawezi kukuahidi, dada."

Siku zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote ninazozikumbuka katika mji huu. Zamani nilikuwa na adui wa kupigana naye, taa, chai, siki. Sasa palikuwa na kusubiri tu. Nilienda karakana kwa mazoea, nikaketi sakafuni kati ya viti vinane ambavyo vilikuwa sasa vya rangi nane, kwa mujibu wa watu. Kwangu vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Nilishika kimoja, nikakigeuza, nikajiuliza mtu wa mkono wangu anafanya nini duniani akiondolewa jicho. Nikaamua kwamba sifanyi. Nitarudi Tanga, nitakaa kibarazani kwa mama, nitasuka mikeka ya ukili usiotiwa rangi.

Laoban alinikuta vile. Hakuuliza. Alileta kigoda chake, akakaa mbali kidogo, akamenya machungwa, akanipa nusu, tukala. Kisha akaenda kuanika nguo zake. Nilimshukuru kwa kutonituliza.

Mama wa Lushoto akatuma ujumbe. Hoteli inakaribia kufunguliwa, meza imeshapigwa nta, viti vinafika lini? Nilimpigia, na nilichopanga kumwambia ni kwamba mizigo imekwama bandarini, kwa sababu huo ndio uongo ambao kila mtu anaukubali. Nilipoisikia sauti yake nilishindwa. Nilimweleza yote: kifua, dawa, gauni la mwanangu. Nikamwambia atafute fundi mwingine.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana. Marehemu mume wangu alipopofuka kwa mtoto wa jicho, nilimsomea gazeti kila siku miaka mingi. Alikuwa anakasirika kwamba nasoma vibaya. Lakini habari alizipata. Wewe hapo huna mtu mwenye macho?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa mlangoni anahesabu maboksi, na hakujua kwamba amekwisha kuajiriwa.

Tulianza upya siku iliyofuata, na tulikaribia kuachana. Alikuwa anajua nyekundu moja, kijani moja, na kahawia zote kwake zilikuwa "kahawia". Nilimuuliza, "Kilinganishe na cha Lushoto. Chetu kimepungukiwa nini?" Akajibu, "Kimepungukiwa kidogo." Nikapandisha hasira. "Kidogo cha nini, baba watoto?" Akarusha mikono. "Mimi nitajuaje! Kidogo cha hicho ulichokisema!"

Tulitoka nje kupoa. Aliporudi alisimama muda mrefu mbele ya kiti cha Lushoto, amekunja mikono, kama mtu anayemsikiliza mgeni mwenye lafudhi ngumu.

"Hiki," alisema mwishowe, "ni kama udongo wa Korogwe mvua ikiwa ndiyo kwanza imeacha. Umeuona ule barabarani? Mweusi kwa maji, lakini ndani yake wekundu bado umo."

"Na chetu?"

"Chetu ni matope ya hapa."

Nilipima tone la wekundu kwa kijiti, nikalitia kwenye spiriti, nikapaka ubavu wa kiti. "Sasa?"

"Bado matope. Ongeza."

"Sasa?"

"Ngoja ikauke. Mh. Sasa ni Korogwe, lakini kiangazi. Imekuwa na vumbi."

"Ina maana chuma kimezidi. Nitasugua kidogo."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Mkono wangu ulijua kiasi cha kuondoa na kuongeza, na yeye aliniambia tumefika wapi. Akikosa neno la rangi alileta kitu: mchuzi wa ukwaju, ganda la korosho lililochomwa, viatu vya shemeji yake fulani, mafuta ya breki. Mara nyingine tulikosea sana na ikabidi tuvue. Mara nyingine alichoka, akasema "sawa" ili aende zake, nami nikamjua kwa sauti, nikamrudisha. Kuna alasiri nilimwona amepiga magoti mbele ya kiti, pua inakaribia kugusa mbao, anafuata nyuzi za mwaloni kwa ukucha, na nikahisi wivu wa ajabu, wivu wa kumwona mtu anaona kilichokuwa changu.

Viti viliondoka kwa meli pamoja na vigae vya mteja mwingine. Kile cha sampuli nacho kilirudi humo. Mama wa Lushoto alipovifungua alituma ujumbe wa sauti. Sita, alisema, hawezi kuvitofautisha na vyake mpaka avigeuze chini. Viwili vimezidi kidogo wekundu. Amevipeleka upande wa jikoni, ambako mwanga ni hafifu, na huko vimekaa vizuri. Hakuvisifia zaidi ya hapo, na hakulalamika.

Nilimaliza dawa zilizobaki, kifua kikapona. Jicho la kulia lilirudi sehemu kubwa. Nilianza kutambua nyanya, kisha taa za barabarani, kisha siku moja mtaani Dengfeng nikaona kibao chekundu cha duka la simu kimeniwakia, nikasimama katikati ya watu mpaka nikasukumwa. La kushoto halijarudi, na daktari hasemi tena kwamba litarudi. Nikifumba la kulia, dunia inakuwa ya kahawia. Wekundu mkali nauona. Ule wa chini, unaojificha kivulini, ule uliokuwa chakula changu, siuamini tena.

Sijaacha kazi. Juzi wateja wawili wameleta milango miwili ya kabati la mwaloni, mmoja wa zamani na mmoja mpya, wanataka ifanane. Niliwaambia tangu mwanzo kwamba mimi naona nusu, na kwamba rangi itaamuliwa na mume wangu, ambaye leo yuko bandarini na hatarudi kabla ya Ijumaa. Mmoja wao alitaka kuichukua milango aondoke. Mwenzake alimshika mkono, wakanong'ona, kisha wakaniachia. Nimeshavua vanishi ya ule mpya, na chai inachemka.